Mtaa wa Samora unauza nini leo?

Kuna wakati fremu ya duka katika Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, ilikuwa haipatikani bila kilemba. Mpangaji aliyekuwa akiondoka alidai chake mkononi kabla ya kukabidhi ufunguo, na aliyekuwa akiingia alilipa bila kununa kwa kuwa alijua fedha itarudi. Wenye majengo wengi bado wanafikiri kwa hesabu za wakati huo. Hapo ndipo kosa lilipo, kwa sababu kilicholeta fedha Samora hakikuwa fremu.

Wajerumani waliuita mtaa huu Unter den Akazien kwa ajili ya miti ya mikakaya, Waingereza wakauita Acacia Avenue. Uhuru ulipokuja ukawa Independence Avenue, na hatimaye ukachukua jina la Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam hapa hapa mwaka 1962. Majina manne, lakini biashara ilikuwa moja: kumhudumia mtu mwenye mshahara anayetoka ofisini. Duka la vitambaa, la saa, la dawa, mgahawa wa chai ya saa nne, vyote viliishi kwa mtumishi wa serikali na karani wa benki.

Hata dola ilipoingilia uchumi, mteja huyo alibaki. Mabenki yalitaifishwa Februari 1967. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000, na Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba mkuu wa katikati ya jiji hadi mwaka 1990, kazi yake ilipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi ikawa chini kuliko soko. Kilemba hustawi mahali pa namna hiyo: bei halisi inapokatazwa kuingia kwa mlango wa mbele, hupitia uani.

Soko huria lilipofunguliwa, Samora ilinufaika mapema. Baada ya sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 yakaota maduka ya kubadilishia fedha. Soko la Hisa nalo lilipoanza mauzo Aprili 1998, kwa hisa za TOL, makao yake yalikuwa jengo la Twiga, Samora.

Orodha ya walioondoka ni ndefu. Soko la Hisa lilihamia Mtaa wa Ohio. Serikali, iliyoamua kwenda Dodoma tangu mwaka 1973, ilianza kuhama kwa dhati mwaka 2016, na mishahara yake ikaondoka nayo. Msako wa Benki Kuu mapema mwaka 2019 ulifunga maduka mengi ya kubadilishia fedha. Benki yenyewe imehamia kwenye simu, na mnunuzi wa jumla alikwishahamia Kariakoo siku nyingi.

Jibu la wenye mitaji limekuwa kubomoa na kupandisha ghorofa. Jengo la Salamander, kona ya Mtaa wa Mkwepu, lilikwenda hivyo miaka ya 2010. Ni hesabu ya ajabu kidogo. Ghorofa la vioo linaweza kujengwa Barabara ya Bagamoyo au Mikocheni, penye nafasi ya kuegesha magari, na mpangaji wa ofisi atakwenda huko. Sanamu ya Askari, ambayo wenyeji huiita Bismini, iliyosimama hapo tangu mwaka 1927 na singe yake ikielekea bandarini, haina mshindani Mikocheni. Wala Mnara wa Saa wa mwaka 1961, uliojengwa Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Wala bustani ya mimea na Makumbusho ya Taifa upande wa mashariki, ambavyo mtu anavifikia kwa miguu.

Na wapitaji wapo. Boti za Zanzibar huondokea Sokoine Drive, mwendo wa dakika chache tu, lakini mtalii hutoka uwanja wa ndege hadi gatini bila kuacha shilingi Samora. Fedha yake inasubiriwa Mji Mkongwe, ambako majengo ya zamani yamekuwa kitegauchumi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inashusha abiria wa Morogoro na Dodoma karibu na Mnara wa Saa. Hao ni wateja ambao Samora haikuwa nao kabla, na wengi wao huishia kwenye teksi.

Sehemu kubwa ya majengo ya zamani katikati ya jiji bado iko mikononi mwa taasisi za umma. Zinaweza kuacha kumtafuta mpangaji wa ofisi asiyerudi, zikakarabati baraza zilizobaki, na kumpa mwenye mgahawa au duka la vinyago mkataba wa miaka kumi badala ya mmoja. Hakuna atakayetengeneza jiko la maana kwa mkataba wa mwaka mmoja.