Tazama Pampu Kabla ya Kutazama Ndoo



Siku hizi katika skimu zetu neno linalosikika sana ni mashine ya kukamulia ng'ombe. Watoto wako shuleni, vijana wamekwenda mjini, na mtu wa kuandikwa kazi ya kukamua saa kumi ya alfajiri ni shida kumpata, na hata akipatikana hakai. Kwa sababu hiyo wakulima wengi huja ofisini na karatasi za bei mkononi, wakiuliza ni mashine gani inayofaa kununuliwa. Swali hilo ni zuri. Lakini karibu wote huuliza habari za ndoo: je, ni ya chuma kisichoshika kutu? Ni ya lita ngapi? Ni wachache wanaouliza habari za pampu.

Maoni yangu ni haya: pampu ndiyo mashine yenyewe, na hivyo vingine vyote ni vyombo vyake. Mtu akikosea katika kuchagua pampu, ndoo nzuri haitamwokoa. Ng'ombe atakuwa wa kwanza kulipa gharama ya kosa hilo kwa kiwele chake, na mwenye ng'ombe atafuata kwa deni la mkopo.

KAZI YA PAMPU NI NINI?

Pampu hii haisukumi kitu. Kazi yake ni kunyonya hewa kutoka katika bomba, ndoo na vikombe. Hewa ikipungua humo, maziwa yaliyo ndani ya chuchu hutoka kwenda mahali penye hewa chache. Kifaa kingine, kiitwacho pulseta, hufungua na kufunga mpira wa ndani ya kikombe mara 60 hivi kwa dakika, ili chuchu ipumzike na damu itembee, kama vile ndama anyonyavyo na kumeza.

Nguvu ya mnyonyo husomwa katika geji, kwa inchi za zebaki au kwa kilopaskali. Kwa ng'ombe wa maziwa yatakiwa iwe kati ya inchi 12 na nusu na inchi 15, yaani kilopaskali 42 hadi 50, kwa kadiri ya mashine ilivyotengenezwa. Ikizidi, ncha ya chuchu huumia na kufanya sugu, na vijidudu vya ugonjwa wa kiwele hupata mlango. Ikipungua, au ikiwa inapanda na kushuka, vikombe huanguka, na hewa inayoingia kwa ghafula huweza kurusha matone machafu yakarudi ndani ya chuchu. Kwa hiyo mnyonyo mzuri ni ule uliotulia.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Nguvu ya mnyonyo ni jambo moja, na wingi wa hewa ambayo pampu huvuta kwa dakika ni jambo lingine. Fikiri habari za tangi la maji. Likiwekwa juu, maji hushuka kwa nguvu. Lakini bomba likiwa jembamba, maji hayo hayatatosha nyumba mbili zikifungua mifereji pamoja. Pampu ni vivyo hivyo. Yaweza kuonyesha inchi 15 safi wakati hakuna ng'ombe, kisha kikombe kimoja kikianguka geji ikashuka mpaka chini. Basi kitu cha kununua ni wingi wa hewa, pamoja na akiba. Nguvu ya farasi ya injini haikuambii habari hiyo.

SOMO KUTOKA KWA WAKULIMA WA MITI

Jambo hili laonekana wazi kwa wakulima wa nchi za mbali ambao hawakamui ng'ombe bali miti. Katika jimbo la Quebec huko Canada, na Vermont huko Marekani, kuna mti uitwao mepli. Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku kukiwa na barafu na mchana ikiyeyuka, mti huo hutoa utomvu wenye utamu kidogo, sukari kama sehemu 2 katika 100. Wakulima hutoboa shina, hukusanya utomvu, na huuchemsha mpaka lita 40 hivi zibaki lita moja ya sharubati nzito.

Zamani walitundika ndoo katika kila mti. Baadaye wakaunganisha miti kwa mipira ya plastiki, na mwishoni mwa mpira wakafunga pampu ya kunyonya hewa. Kwa kuwa wengi walikaa katika nchi ya maziwa, pampu nyingi walizotumia zilikuwa zile zile zilizotoka katika mabanda ya kukamulia ng'ombe.

Walijifunza mambo matatu ambayo nasi yatufaa. Kwanza, pampu ni ile ile lakini kazi si ile ile. Mti hauna chuchu ya kuumia, kwa hiyo wao hutaka mnyonyo mkali wa inchi 25 au zaidi, maana kila inchi moja huwaongezea utomvu. Pampu ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa inchi 15 ilipolazimishwa kufanya kazi hiyo ilipata moto sana, na ikawabidi kuitafutia njia ya kuipoza. Pili, huhesabu kazi kabla ya kununua: kanuni yao ya kawaida ni futi moja ya hewa kwa dakika, yaani lita 28 hivi, kwa kila matobo 100. Tatu, hutembea msituni kila mara kutafuta mahali palipovuja, kwa kuwa kindi hutafuna mipira yao. Wanajua kwamba kuziba tundu ni rahisi kuliko kununua pampu kubwa zaidi.

Kwetu kindi si shida, lakini panya tunao, na mipira ya mashine huwekwa stoo pamoja na mahindi.

HESABU KAZI KWANZA

Basi tuhesabu na sisi. Tuseme kumkamua ng'ombe mmoja kwa mkono ni dakika 8, na kwa mashine dakika 6. Tuseme tena kutayarisha mashine na kuiosha vizuri kwa maji ya moto na sabuni yake ni dakika 20. Mwenye ng'ombe 3 atatumia dakika 24 kwa mkono, na dakika 38 kwa mashine. Amenunua kazi zaidi! Mwenye ng'ombe 10 atatumia dakika 80 kwa mkono. Kwa mashine ya ndoo moja ni dakika 80 vile vile, lakini kwa ndoo mbili ni 50. Huyo amepata faida, na mikono yake haikuchoka.

Kwa hiyo mkulima mwenye ng'ombe watatu au wanne, ambaye ana mtu wa kukamua, namshauri asiingie katika deni la mashine. Afadhali fedha hizo zipande majani ya nepia, zichimbe kisima, au zinunue ndama mzuri. Lakini yule ambaye mikono yake ina maumivu ya viungo, au ambaye hana msaidizi kabisa, hesabu yake ni nyingine, wala hapana sababu ya kumcheka.

NYANDA ZA JUU ZINA SHARTI LAKE

Kuna jambo ambalo wauzaji wa mjini hulisahau. Skimu zetu nyingi za maziwa ziko mahali pa juu. Nyahururu, kwa mfano, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na Kinangop nako ni juu. Huko hewa ni nyepesi. Pwani uzito wa hewa ni kama inchi 30 za zebaki; Nyahururu ni karibu inchi 23 tu. Maana yake ni kwamba Mombasa, kufikia mnyonyo wa inchi 15 ni kuondoa nusu ya hewa iliyo ndani ya bomba. Nyahururu, kufikia inchi zile zile 15 ni kuondoa karibu theluthi mbili. Pampu hufanya kazi ngumu zaidi, na akiba yake hupungua.

Tena injini ya petroli nayo hupungukiwa nguvu mahali pa juu, na kwa mita 2,300 upungufu huo ni karibu robo. Mota ya stima haina shida hiyo, lakini stima hupotea, na ng'ombe hangoji irudi. Kwa hiyo mwenye ng'ombe wengi yafaa achague pampu ya mkanda, ambayo huweza kuzungushwa na mota na pia, siku ya shida, na injini ndogo.

Mashine ndogo za magurudumu, za ndoo moja au mbili, mara nyingi huwa na pampu ya lita 200 au 250 za hewa kwa dakika. Kwa ndoo moja mahali pa juu yaweza kutosha. Kwa ndoo mbili, uliza kwa makini. Lakini usikimbilie pampu kubwa mno pia. Mashine huwa na kifaa cha kurekebisha mnyonyo, ambacho huingiza hewa unapozidi. Kifaa hicho kikishikwa na vumbi, pampu kubwa huweza kupandisha mnyonyo mpaka uumize ng'ombe wote asubuhi moja.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Kabla ya kutoa shilingi moja, uliza hivi:

Kwanza: pampu hii huvuta lita ngapi za hewa kwa dakika, ikiwa na mnyonyo wa kukamulia, katika mahali pa juu kama petu? Mtu akikujibu kwa nguvu ya farasi tu, mshukuru na uende duka jingine.

Pili: ni pampu ya oili au kavu? Ile ya oili hudumu ikipewa oili yake kila siku, oili safi iliyoandikwa na watengenezaji, si ile iliyomwagwa kutoka kwa trekta. Ile kavu haitaki oili, lakini vibapa vyake vya kaboni huisha na lazima vibadilishwe. Je, vyapatikana hapa, au huagizwa ng'ambo?

Tatu: nionyeshe geji. Washa mashine, ziba vikombe, usome. Kisha achia kikombe kimoja kivute hewa. Geji ishuke kidogo tu, na ukikiziba irudi mahali pake katika sekunde tatu hivi. Jaribio hili lifanywe shambani kwako, si dukani.

Nne: mipira ya vikombe ni bei gani? Mpira wa kawaida hufaa kwa kukamua mara 2,500 hivi. Ng'ombe 6, mara mbili kwa siku, kwa ndoo moja, ni mara 12. Basi mpira utakwisha katika miezi saba. Hiyo ni gharama ya kila mwaka, nayo iandikwe katika hesabu ya mkopo.

Wako wanaosema kwamba pampu kuukuu iliyotoka katika shamba kubwa hutosha, kwa kuwa ni chuma kizito cha zamani. Siwapingi kabisa, pampu nzuri ya oili yaweza kufanya kazi miaka mingi. Lakini ile ambayo vibapa vyake vimekwisha huzunguka na kunguruma kama nzima, na haivuti hewa. Geji pekee ndiyo itakayosema kweli. Waswahili husema, rahisi huvunja upishi.

HABARI ZA VIKUNDI

Mwisho nasema neno kwa vikundi vinavyotaka kukopa pamoja, vinunue mashine moja ya kuzungushwa boma hadi boma. Umoja ni jambo jema, lakini mpango huu siupendi. Vikombe vinavyotoka kwa ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele hupeleka ugonjwa kwa jirani, na miguu na magurudumu hupeleka mengine. Tena ng'ombe hukamuliwa kwa saa yake. Boma la tano litakamua saa ngapi?

Umoja ungefaa zaidi kwa njia nyingine. Wale kumi wenye ng'ombe wa kutosha wakubaliane kununua pampu za namna moja, kila mtu yake. Kisha waweke pamoja vibapa, mikanda na mipira ya akiba, na wamlipe fundi mmoja apitie mashine zote kwa geji yake kila baada ya miezi michache. Hapo muuzaji atawasikiliza kwa heshima, na pampu ikiharibika Jumapili, kifaa kitapatikana kwa jirani kabla maziwa ya jioni hayajachelewa.

Shamba la skimu halikupatikana kwa urahisi. Wazee wetu walioingia katika mashamba hayo kuanzia mwaka 1962 walilipa madeni yake kwa miaka mingi, na maziwa yalikuwa fedha ya kulipia. Ng'ombe walewale wa gredi, na watoto wao, ndio wanaosomesha wajukuu leo. Basi tusiwakabidhi kwa pampu ambayo hatukuipima. Nenda dukani na daftari, si na macho tu. Andika wingi wa hewa, andika namba ya geji, na ulipe baada ya kuiona ikinyonya vizuri shambani kwako.