Siku tatu Berlin kwa euro 144: mwanafunzi wa bursi hajatapanya pesa ya familia

Kila mwaka vijana wachache kutoka vyuo vikuu vya Bukavu, Goma, Butembo na kwingineko wanapata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya muhula mmoja ao miwili, kisha wanarudi kumaliza masomo nyumbani. Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ulianza 1987 kati ya nchi za Ulaya zenyewe. Tangu 2015 unapokea pia wanafunzi wa nchi za mbali kama yetu. Kijana anafika Liège, Louvain ao Bruxelles, anasoma, kimya. Siku anapoweka kwenye WhatsApp foto moja akiwa mbele ya jengo la mji mwingine, maneno yanaanza: « Tulimtuma kusoma, kumbe yeye anatembea. »

Nimeyasikia maneno hayo nikiwa Ubelgiji kwa masomo, na nayasikia mpaka leo yakisemwa juu ya wengine. Mjomba anapiga simu usiku. Shangazi anauliza kama pesa ya viza, ile ambayo familia ilichanga kwa likelemba, ndiyo inaliwa kwenye safari. Mimi nasema wazi: mwanafunzi anayepanda bisi na wenzake kwenda kutazama mji mwingine siku tatu, kwa bei ndogo, hajaiba kitu cha mtu. Anayekaa chumbani miezi sita, akitoka tu kwenda darasani na dukani, ndiye anayerudi na hasara.

Tuanze na pesa, maana ndiyo inayogombanisha watu. Tulikuwa wanne: mimi, Mhispania, Mpolandi na binti mmoja wa Vietnam. Bisi ya usiku kutoka Bruxelles hadi Berlin, kwenda na kurudi, iliniomba euro 58 kwa sababu tulinunua tike mapema. Kitanda katika hosteli ya vijana, chumba cha watu wanane, usiku mbili: euro 44. Ndani ya mji tulinunua tike ya kikundi ya siku nzima, moja inayobeba hadi watu watano, ikanigharimu jumla euro 17. Chakula, euro 25. Jumla ni 144. Huko, hiyo haitoshi hata kulipa nusu ya kodi ya chumba cha mwezi mmoja. Niliiweka kando kidogo kidogo, muda wa miezi mitatu, kwa kuacha kula nje.

Na chakula chenyewe, wasomaji wasifikiri tuliketi kwenye mikahawa yenye vitambaa vyeupe. Mpolandi alibeba soseji, mimi mayai ya kuchemsha, makopo ya sardini na pilipili niliyonunua Matonge, ile mitaa ya Ixelles iliyopewa jina la Matonge ya Kinshasa, ambako mtu anapata sombe na ndagala kama yuko sokoni Kadutu. Pilipili ndiyo iliyotuokoa. Siku ya pili tu tulinunua doner, mkate wa Waturuki wa Berlin wenye nyama na majani, mmoja kwa watu wawili. Chupa tupu za plastiki tulizirudisha dukani, maana Ujerumani inalipa senti 25 kwa kila moja. Ukiwa na nne, unayo euro.

Vitu vingi vya kutazama havilipishwi. Kipande cha ule ukuta uliogawa mji tangu Agosti 1961 hadi Novemba 1989 kiko kando ya mto, zaidi ya kilometa moja, kimechorwa michoro, unatembea tu. Kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, mawe 2,711 ya zege katikati ya mji, hakuna mlango wala mlinzi wa tike. Hata kuba la vioo juu ya bunge lao mtu anapanda bure, akijiandikisha mbele. Jiulize ni wapi kwetu mwanafunzi anaweza kupanda juu ya paa la bunge kutazama wabunge chini yake.

Lakini kwa Mkongomani, hasa wa Kivu, Berlin ina anwani moja inayopita zote: Wilhelmstrasse 92. Hapo karibu lilikuwa jumba la Bismarck ambamo nchi 14 zilikutana tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 kuzungumza juu ya Afrika. Hakuna Mwafrika aliyealikwa. Kutokana na mazungumzo ya miezi ile Leopold wa Pili alipata nchi yetu kama mali yake mwenyewe, naye hakuwahi kukanyaga udongo wake hata siku moja. Jumba lilibomolewa baada ya vita vya pili vya dunia. Leo kuna magorofa ya kawaida, watu wanaanika nguo, na kibao cha kumbukumbu kando ya njia. Wapita njia wengi hawakitazami.

Binti wa Vietnam aliniuliza kama mipaka yetu ilichorwa hapo. Nikamjibu kuwa wengi wanafikiri hivyo, lakini ile ya Kivu ilikuja baadaye: Ubelgiji na Ujerumani waligombana miaka mingi juu ya ziwa letu, wakamaliza ugomvi mwaka 1910, mkutanoni Bruxelles, Waingereza nao wakiwepo. Hapo ndipo Idjwi ilibaki upande wa Congo na Gisenyi upande wa Wajerumani. Yaani miji miwili iliyogawana Kivu ni ile ile bisi yetu ilikuwa inaunganisha, usiku mmoja, na watu wamelala. Wao leo wanavuka kwa kadi ndogo ya mfukoni. Sisi, kati ya Goma na Gisenyi, mama anayebeba kapu la nyanya ndiye anayejua bei ya mpaka ule.

Hilo nililisoma darasani kwa mistari mitatu, bila kulisikia mwilini. Kusimama pale na watu wa mataifa mengine, ukiulizwa swali na wewe ndiwe unayepaswa kujibu kwa jina la nchi yako, ni somo ambalo mwalimu hawezi kukupa.

Karatasi kwanza

Sasa nisidanganye vijana: mtoto wa Ulaya na mtoto wa Congo hawasafiri sawa. Mhispania wetu aliamua safari siku ya Jumanne kama mtu anayeamua kwenda Sake. Mimi nilipaswa kuhakikisha mambo matatu. Kwanza, kibali cha kukaa cha Ubelgiji kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, lakini si zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180, na hakikupi haki ya kufanya kazi huko. Pili, unabeba pasipoti yenyewe pamoja na kile kibali, si fotokopi, si picha kwenye telefone. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na bisi ya usiku inaweza kusimamishwa. Tatu, London na Dublin haziko ndani ya Schengen. Ukiona tike ya bei rahisi ya kwenda London, iache, utarudishwa ukiwa njiani.

Pasipoti yetu tunaijua. Ilikuwa dola 185, kisha bei ikashushwa, na bado kijana wa Walungu anaiona kama shamba la mahindi. Viza ya Schengen ya muda mfupi inaomba euro 90 tangu Juni 2024, ukikataliwa hawarudishi. Ndiyo maana nasema: kijana ambaye tayari amevuka milango hiyo yote, ambaye yuko ndani kwa haki, kwa nini ajifunge mwenyewe? Kesho akirudi Bukavu, safari ile ile ya euro 58 itamhitaji ombi jipya, benki, barua ya mwaliko na miezi ya kungoja.

Najua jibu la wazazi, na si la kudharau. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, benki zilifungwa, mishahara ikakatika, familia zikahama na magodoro kichwani. Katika hali hiyo, mwanafunzi aliye Ulaya anaonekana kama frigo pekee yenye chakula. Nimeona wenzangu wakituma kila kitu hadi wao wenyewe wakawa wanakula mkate na chai. Mwenye mama aliyekimbia, atume. Hakuna wa kumfundisha moyo wake. Ninachokataa ni kuigeuza sheria, kwamba kila aliyeko huko ana deni lisilokwisha, na kwamba furaha yake ya siku tatu ni wizi. Bursi imehesabiwa kwa maisha ya mtu mmoja anayesoma. Haijawahi kuhesabiwa kwa nyumba ya watu kumi na mbili.

Na vijana nao wana sehemu yao. Mnaweka foto ya Brandenburger Tor ukiwa na koti la kuazima, hamsemi kuwa usiku ulilala kwenye kiti cha bisi miguu imevimba. Nyumbani wanaona koti. Kesho binamu anaomba telefone. Wekeni pia foto ya lile kopo la sardini, andikeni bei ya kitanda. Maneno ya mjomba yatapungua zaidi kwa hesabu ile kuliko kwa kumfungia WhatsApp.

Asiye na euro 144, na wako wengi, achukue tramu 44 kutoka Montgomery, Bruxelles, hadi Tervuren. Ni tike ya kawaida ya mji. Kabla ya kuingia kwenye jumba la makumbusho la Afrika, apite kwanza kwenye kanisa la kijiji. Kando ya ukuta kuna makaburi saba ya Wakongomani. Mwaka 1897 Leopold alileta watu 267 kutoka Congo ili Wabelgiji waje kuwatazama kama maonyesho, na wale saba hawakurudi. Majina yao yameandikwa pale. Nilipofika nilikuta maua, sijui ya nani.

Vyuo vyetu navyo vinashangaza. Mwanafunzi anaporudi wanamdai cheti cha alama, muhuri, ripoti ya kurasa kumi. Hakuna anayemwita mbele ya darasa la historia na kumwambia: tueleze ulichokiona, na ilikugharimu ngapi. Saa moja tu ingetosha, na wale wanaoondoka mwaka unaofuata wangejua wapi pa kwenda.

Wilhelmstrasse 92, basi. Kutoka Brandenburger Tor ni dakika kumi hivi kwa miguu, na hawalipishi.