Vivumishi Pekee Havichori Picha

Katika insha nyingi za wanafunzi wa Jinja na Mbale tulizopata kuzisoma, Mto Naili ni "mkubwa na mzuri sana", na Mlima Wanale ni "mrefu na wa kupendeza". Upatanisho wa kisarufi hauna kosa, na mwalimu hutia alama ya vema. Hata hivyo, msomaji hajauona mto, wala hajauona mlima. Sisi tunashikilia kwamba alama hiyo hutolewa mapema mno.

Mnamo Julai 1862 John Hanning Speke alifika mahali ambapo Naili hutoka ziwani, akayapa maporomoko yaliyokuwapo jina la Ripon, bwana mkubwa wa kwao. (Wenyeji waliyaita mawe, na jiwe lao ndilo lililobaki katika jina la Jinja.) Mengi aliyoandika yanastahili kupingwa, lakini hapo hakuishia kusifu. Alieleza samaki wakiruka kwa maelfu kuyapanda maji, wavuvi Wasoga na Waganda wakishika nafasi juu ya mawe na ndoana zao, viboko na mamba wamejilaza, kivuko kikifanya kazi, na ng'ombe wakishushwa ukingoni kunywa. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954, na maporomoko yale yakafunikwa na maji. Mwanafunzi wa Mafubira hawezi tena kuyaendea kwa miguu. Kwa maelezo hayo, anayaona.

Kinachofanya kazi hiyo ni vitenzi. Mashina ya vivumishi asilia vya Kiswahili ni machache. Anayeyategemea hayo tu hukwama upesi kwenye -zuri na -kubwa. Utajiri wa lugha hii umo katika vitenzi, katika virejeshi na katika tanakali: kimya jii, giza totoro, kulowa chepechepe. Linganisha sentensi hizi mbili:

Lori kubwa la miwa lilipita barabarani.

Lori lilipita likiyumba, miwa ikichomoza pande zote, na watoto wakilikimbilia kwa nyuma kuchomoa muwa uliolegea.

Yeyote aliyesimama kando ya barabara ya kwenda Kakira ataitambua ya pili. Nayo ina sarufi nyingi kuliko ya kwanza: -ki- ya hali inayoendelea mara tatu, viambishi vya ngeli mbalimbali, yambwa -li- ya lori, na kirejeshi katika "uliolegea". Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba maelezo ni pambo la fasihi, lisubiri hadi sarufi ikamilike.

Wala hatuwatetei wanaokaririsha watoto "ndege waliimba kwa sauti nyororo" na "jua lilichomoza kwa madaha". Hayo ni maelezo ya asubuhi ambayo hakuna aliyeiamkia. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi Kiswahili kilihusishwa na amri za kambini, mtoto anayekariri hivyo huendelea kukiona kuwa ni lugha ya wengine.

Mwalimu tarajali, somo lako la -ki- lianzie dirishani. Uliza: nani anapita, akifanya nini? Mtoto akijibu "mtu mzuri", usimkosoe. Muulize tena amebeba nini, na anakibebaje.