Tuwape Watoto Fimbo, Walipime Jua

Ndugu zangu tunaojenga Chanika, Kivule, Goba na Kigamboni. Wazazi, walimu, na ninyi mafundi mnaotujengea,

Nyumbani kwangu kuna chumba ambacho kuanzia saa tisa alasiri hakikaliki. Dirisha lake kubwa la alumini linatazama magharibi, na ukuta wake unapigwa na jua mpaka linapozama. Ukiuwekea kiganja saa mbili usiku bado una moto, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Wanangu hubeba godoro wakalale sebuleni, feni inazunguka hadi alfajiri, na umeme wa LUKU tulionunua Jumatatu hauifikii Ijumaa. Ramani ya nyumba ile niliinunua ikiwa tayari. Hakuna aliyeniuliza kiwanja kimekaaje wala upepo unaingilia wapi, nami sikuuliza.

Kila mwezi mtaani kwetu unachimbwa msingi mpya, na kosa langu linamwagiwa zege upya. Ndiyo maana nawaomba tukubaliane jambo moja: kila shule yetu ya sekondari iwe na mradi ambao wanafunzi watajifunza kwa mikono yao jinsi nyumba inavyopatana na jua na upepo. Mradi huo hauhitaji maabara.

Unaanza na fimbo ya mita 1 iliyosimikwa wima uwanjani. Mwanafunzi anaweka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache kuanzia saa tano na nusu. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho adhuhuri ya kweli, na mstari wake ndio kaskazini na kusini. Hapa Dar es Salaam, mwishoni mwa Juni kivuli hicho huelekea kusini na kufika sentimita 58 hivi. Mwishoni mwa Desemba hugeuka, kikaelekea kaskazini, sentimita 30 tu. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, fimbo husimama juani bila kivuli kabisa. Mtoto aliyeyaona haya kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa kwamba jua letu la adhuhuri linatoka juu, linapiga paa. Na kwamba kuta zinazoumia zaidi ni za mashariki na magharibi, jua linapokuwa chini.

Kutoka hapo anaweza kuchora nyumba. Ubavu mrefu uangalie kaskazini na kusini. Upenu wa mita 1 upande wa kaskazini hufunika kwa kivuli mita 1.7 za ukuta adhuhuri ya Juni, na kusini, adhuhuri ya Desemba, hufunika ukuta mzima. Magharibi upenu hausaidii sana. Huko weka stoo, bafu, au panda mwarobaini. Najua viwanja vyetu vingi ni vya 20 kwa 20 na barabara ndiyo inayotuamulia uso wa nyumba. Lakini hata humo vyumba vinaweza kubadilishana nafasi, na hilo halina gharama likifanyika kwenye karatasi.

Hatua inayofuata ndiyo niipendayo zaidi. Chukueni maboksi manne yaliyo sawa, kila moja na kipimajoto chake. La kwanza liezekwe kipande cha bati tupu, la pili bati lililopakwa chokaa nyeupe, la tatu makuti. La nne lipate dari, kisha bati linyanyuliwe juu yake kwa vijiti ili upepo upite katikati. Yaachwe juani tangu asubuhi, kipimo kisomwe kila saa. Watoto wataanza kubishana wenyewe kabla mwalimu hajasema neno, na kesho yake watataka kutoboa madirisha.

Boksi lile la nne lina historia yake. Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu Berlin alipojenga shule ya msingi katika kijiji alichozaliwa cha Gando, nchini Burkina Faso, ikakamilika 2001. Alitumia tofali za udongo, na bati akalinyanyua juu ya dari ya udongo ili joto lichukuliwe na upepo. Wanakijiji ndio waliobeba mawe na kufyatua tofali. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Alianza na mradi wa mwanafunzi, na kijiji kilichokubali kushika kazi.

Lakini sisi tunaelekea kwingine. Siku hizi tunashindana kuficha paa nyuma ya ukuta, upenu tumeukata, na jua linashuka moja kwa moja kwenye vioo. Nyumba hizo zinavutia kwenye picha. Lakini wazee wa Unguja na Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakaacha na baraza la kivuli, kwa sababu walikaa humo mchana kutwa.

Wenzetu wa Njombe na Makete watalipindua somo hili: fimbo ileile itawaonyesha kwamba jua la Juni, mwezi wa baridi, liko kaskazini, basi madirisha makubwa yafunguliwe huko, na ukuta mzito ulitunze joto hadi usiku.

Basi walimu, tengeni Jumamosi moja kila mwezi. Mafundi, njooni na pimamaji na futi, mweleze mnachokijua kuhusu kenchi na upenu. Wazazi, leteni mbao na rangi zilizobaki. Mwenye kiwanja ambaye hajachimba msingi, tunamwomba awaruhusu wanafunzi wasimike fimbo yao humo kabla ya fundi kuvuta kamba. Tuanze tarehe 10 Oktoba. Saa sita na dakika tano tuwe tumeshaizunguka fimbo uwanjani. Mabati mawili yamebaki bandani kwangu, nitakuja nayo.