Flashi Iliyogoma Kuwasha Kompyuta

Hapa Sydney baridi ya asubuhi imeanza kung'ata vidole. Mara hii nilikusudia kuwaandikia juu ya chanjo za watoto mnapokwenda likizo nyumbani. Lakini Jumamosi iliyopita limenipata jambo, na kwa kuwa najua wengi wenu mna vijana vyuoni, chanjo zitangoja.

Nimetoka zamu ya usiku, nimepanda treni ya T1 hadi Blacktown, miguu haina kazi tena. Nafungua mlango, namkuta mtoto wa dada yangu, anayesoma hapa na kuishi kwangu, kakaa mezani jikoni na macho mekundu kuliko yangu. Mbele yake laptopu ya HP aliyoinunua kwa mtu, na kando yake flashi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Hukulala?"

"Windows imekufa. Usiku kucha najaribu kuiwasha kwa flashi nipige Windows mpya, wala haiioni hiyo flashi."

Chaji ilikatika katikati ya sasisho. Tangu hapo mashine inazunguka tu: inasema inajitengeneza, inazima, inawaka, inasema tena inajitengeneza. Wenzake kwenye kundi la WhatsApp walimpa dawa moja: futa kila kitu, piga upya. Na kwa kuwa flashi ilikuwa haionekani, mwingine akamwelekeza aingie kwenye mipangilio ya ndani, ile BIOS, akazime ulinzi uitwao Secure Boot. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe nilipoingia.

Mimi si fundi. Ila nilipokuwa nasomea diploma nyumbani, sista mmoja mkali alitufundisha kwamba kabla hujatangaza mashine ya oksijeni imekufa, angalia kama plagi imechomekwa. Nikamwambia aache mashine, anipe flashi.

Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Ndani mlikuwa na faili moja tu, kubwa, jina lake linaishia na .iso. Basi, ugonjwa wa kwanza ndio huo, na ndio walionao wengi. Kijana alipakua faili la Windows akalinakili kwenye flashi kama mtu anavyonakili wimbo. Lile faili ni kama sanduku lililofungwa kwa misumari. Kompyuta inapowaka haina nyundo ya kulifungua. Mashine za siku hizi hutafuta kwenye flashi folda iitwayo EFI, ndani yake folda ya BOOT, na humo faili liitwalo BOOTX64.EFI. Zisipolikuta, kwao flashi ile ni tupu. Kwa hiyo lazima sanduku lifunguliwe na programu maalumu: Rufus kwa wenye Windows, balenaEtcher hata kwa wenye Mac kama unachotaka ni Linux, au programu ya Microsoft yenyewe kama unachotaka ni Windows, nayo inadai flashi ya GB 8 au zaidi. Zote hufuta kila kilichomo kwenye flashi, msije mkanilaumu kwa picha za harusi.

Kabla ya kuanza nikamuuliza swali ambalo kundi zima la WhatsApp halikumuuliza: "Humu ndani una nini?"

"Insha ya Jumatatu, maneno 2,500. Nimebakiza hitimisho."

"Na kingine?"

Akanyamaza. "Sauti za bibi."

Bibi yake ndiye mama yangu mzazi. Alifariki Tanga mwaka juzi, mimi nikiwa huku, nikazika kwa simu kama wengi wenu mlivyozika. Sikujua kwamba mwaka mmoja kabla, kijana huyu alikaa naye barazani jioni kadhaa akimrekodi. Simu ilipojaa alizihamishia kwenye laptopu, na nakala nyingine hana. Nilikaa chini. Hamu ya kulala ilikwisha.

Kwa hiyo hatukutaka tena kupiga Windows. Tulitaka kuingia, kuchukua vyetu, na kutoka. Kwa kazi hiyo hutumika Linux, ambayo ni bure na inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Nilikuwa na faili la Linux Mint nililolipakua miaka kadhaa iliyopita, nikaliandika kwenye flashi kwa Rufus. Tukaishikilia power sekunde kumi na zaidi hadi izime kabisa, tukaiwasha huku tukigongagonga Esc, kisha F9. Hizo ni za HP. Dell na Lenovo nyingi ni F12, Asus nyingi za mkononi ni Esc, na Acer mara nyingi hukulazimu uingie kwanza kwa F2 ukairuhusu F12 ifanye kazi. Wenye Mac za Intel hushikilia Option, na hizi mpya za Apple hushikilia kitufe cha kuwashia. Ikiwa Windows yako bado inawaka, chagua kuanzisha upya, si kuzima, maana Windows ikizimwa mara nyingi huwa imesinzia tu, na hivyo vitufe huwahi kupitwa.

Flashi ikaonekana! Tukaichagua. Yakatokea maandishi ya kukataliwa kwa sababu za usalama, mashine ikajizima.

"Si nilisema tuzime Secure Boot," akasema kijana.

Hapo ndipo napenda msomaji asimame kidogo. Secure Boot hukagua saini ya programu yoyote inayotaka kuwasha mashine. Linux Mint inayo saini inayokubalika. Ila Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilianza kuzikataa programu za kuwashia za Linux za zamani zenye udhaifu wa kiusalama, na watu wengi waliamka wakakuta Linux zao haziwaki. Faili langu lilikuwa la zamani. Dawa ilikuwa kupakua jipya, karibu GB 3, na kuandika flashi upya. Na kuzima Secure Boot kungeweza kutuletea balaa jingine: diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, Windows ikiona mipangilio hiyo imebadilika, inaweza kugoma kufunguka mpaka uipe ufunguo wa tarakimu 48. Watu hufunga milango wenyewe hivyo bila kujua.

Kwa flashi mpya Mint ikawaka. Nikabofya diski ya ndani. Ikaniomba ufunguo.

Naam, BitLocker. Kijana akaapa hajawahi kuiwasha. Kweli hajawahi, laptopu nyingi za sasa hujifunga zenyewe siku unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo. Bila ule ufunguo hakuna fundi wa Parramatta wala wa Kariakoo atakayeifungua. Tukaingia kwenye akaunti yake kwa simu yangu. Microsoft ikasema: tumetuma namba ya siri kwenye simu yako inayoishia na 41.

Namba ya Tanzania. Aliifungua akaunti akiwa sekondari.

"Laini iko wapi?"

"Nilimwachia mama. Sijui kama bado anayo."

Ilikuwa saa mbili asubuhi Sydney. Majira haya ya baridi Tanga wako nyuma yetu kwa saa saba, yaani huko ilikuwa saa saba usiku. Dada yangu ana presha, na simu ya usiku wa manane kutoka ughaibuni kila mmoja wetu anajua humfikisha mtu wapi. Tukakubaliana tungoje adhana. Nikalala kwenye kochi na viatu miguuni.

Saa sita mchana tukapiga. Laini ilikuwa hai. Dada ameiweka kwenye kitochi chake cha kupokelea hela, na kwa kuwa anaitumia haikufungwa. Tukaomba namba itumwe upya, naye akaisoma, akarudia, akauliza kama ni matapeli. Nikamwambia amefanya vyema kuuliza. Ufunguo ukatokea. Nikaziandika tarakimu 48 kwa mkono kwenye karatasi ya zamu, nikazisoma tena kama ninavyohakiki dozi, kijana akazichapa. Diski ikafunguka.

Insha kwanza, akanakili kwenye hadi diski yangu ya nje. Halafu folda ya bibi: mafaili kumi na saba. Tukayaweka sehemu tatu, moja ikiwa ni kwenye simu ya dada kwa WhatsApp, ingawa bando lake lililia. Kupiga Windows kulifanyika jioni kwa flashi iliyotengenezwa na programu ya Microsoft, na hakukuwa na la kusimulia. Tuliweka 11, maana Windows 10 huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Na akaunti ya kijana sasa ina namba yake ya hapa Australia na barua pepe ya pili. Ninyi mlio na akaunti zinazotegemea laini iliyobaki kwenye droo ya mtu huko nyumbani, fanyeni hivyo wikiendi hii, wakati mashine bado nzima.

Rekodi ya kwanza tuliisikiliza usiku, sahani zikiwa bado mezani. Dakika nne za mwanzo mama anambishia muuza samaki bei ya changu, kijana anacheka nyuma ya simu. Kisha mama anauliza, "Hicho kidude kinanisikia?"