Urithi wa Mjomba Ndani ya Gunia

Ama kweli kila safari na zawadi yake. Anayetoka Zanzibar analeta karafuu, anayetoka Dar analeta doti ya kanga. Anayetoka vitani je? Wengine, jamani, walirudi na bunduki!

Wala usidhani mchezo huu ulianza jana. Huku kwetu kusini tumeona majeshi ya kila namna. Mwaka 1917 Wajerumani walifukuzwa na Waingereza hadi wakavuka Ruvuma. Waliposalimu amri Novemba 1918, bunduki nyingi walizokabidhi zilikuwa za Kireno na za Kiingereza. Nyara tupu! Baadaye Nachingwea ikawa na kambi ya Frelimo, hadi Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975. Ikaja vita ya Idi Amin, 1978 hadi 1979.

Hiyo ya Amin iliacha makovu. Kule Tarime baadhi ya askari walirudi na bunduki kutoka Uganda, na wizi wa ng'ombe ukabadilika sura. Mwizi aliyezoea mkuki na upinde akaanza kuja na mtutu. Ukumbusho wa mmoja ukawa kilio cha wengi.

Sasa sikia kisa cha majirani zangu. Mzee mmoja, askari mstaafu, alifariki upande wa Ruangwa. Si unatujua Wamwera? Mali ya mjomba, wapwa hawabanduki. Mikorosho ikagawanywa bila kelele. Balaa likatokea darini: gunia, na ndani yake bunduki iliyopakwa mafuta ikang'aa!

Mpwa mkubwa akasema ataitundika ukutani, ni heshima ya ukoo. Wa pili akataka iuzwe. Wa tatu, ati izikwe shambani usiku.

Aliyemaliza ubishi ni dada wa marehemu. "Wanangu, nyumba hii ina watoto saba. Siku mmoja akimlenga mwenzake kwa mchezo, nani kati yenu atachimba kaburi?" Kimya.

Bahati nzuri ilikuwa Septemba 2022, wizara imetangaza msamaha hadi Oktoba 31: anayesalimisha silaha kwa hiari hashtakiwi. Bi mkubwa hakuibeba kwenye bodaboda, akili anayo. Alikwenda mikono mitupu kwa mtendaji, akaeleza yote, polisi wakaja kuichukua wenyewe. Mpwa mkubwa alinuna wiki nzima.

Mie simlaumu kwa kumpenda mjomba wake. Lakini chini ya sheria ya silaha ya 2015, kibali ni cha mtu, si cha ukoo, na bunduki ya vita si pambo la sebuleni. Kama darini kwenu kuna gunia la namna hiyo, msilifungue kwa udadisi. Nendeni mkaulize kwanza.

Ukitaka kumkumbuka mzee, tundika picha yake na medali. Medali haijawahi kumlipukia mtoto.

Haya, tukijaliwa, wiki ijayo.