Wanaotajwa Kila Siku Bila Kusikika

Mahakama ya Juu ilipoamua, tarehe 24 Februari 2023, kwamba chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja kina haki ya kusajiliwa, pingamizi kubwa ilitoka huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Bw. Peter Kaluma, aliiomba mahakama iutazame upya uamuzi wake, na ombi hilo likakataliwa Septemba ya mwaka huo huo. Aidha, aliandaa Mswada wa Kulinda Familia, uliokusudia kuongeza adhabu na kupiga marufuku kuutangaza ushoga. Magazeti, redio na runinga ziliripoti hayo yote hatua kwa hatua, na ndivyo ipasavyo.

Lakini je, ni nani aliyewasikia wahusika wenyewe wakisema? Msikilizaji wa Kisumu, awe anafuata matangazo ya Kiswahili au ya Kijaluo, mara nyingi amemsikia mwanasiasa akionya na mhubiri akikemea. Jina la Edwin Chiloba wengi walilifahamu Januari 2023, baada ya mwili wake kupatikana katika sanduku la chuma huko Uasin Gishu. Yaelekea watu hawa huingia habarini kwa milango miwili tu, ule wa lawama na ule wa msiba.

Filamu ya Rafiki yatufunulia chanzo cha hali hiyo. Ni kisa cha wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, kilichotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, na mwezi Aprili mwaka huo huo Bodi ya Kuainisha Filamu ikaipiga marufuku nchini. Mwelekezi wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba bodi ilimtaka abadili mwisho wa filamu kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Msomaji na alipime jambo hilo. Kilichokataliwa hakikuwa kuwaonyesha wasichana hao, bali kuwaonyesha pasipo kujuta. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu filamu hiyo ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi zikajaa Nairobi.

Wapo wanaotumaini kwamba matangazo ya biashara ndiyo yatakayoongoza mabadiliko, kama yalivyofanya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu tumaini hilo ni hafifu. Mwaka 2016 kampuni ya Coca-Cola iliondoa busu katika tangazo lake la runinga baada ya bodi iyo hiyo kulalamika. Mfanyabiashara aliyekubali kukata busu hawezi kutarajiwa kumtangulia mteja wake katika jambo zito kama hili. Mzigo, basi, unabaki mabegani mwa wanahabari.

Wako wasomaji watakaosema kwamba jamii ya ziwa ni jamii ya wacha Mungu, na kwamba mzazi ana haki ya kuchagua mtoto wake atazame nini. Haki hiyo haina shaka. Ndiyo maana filamu huainishwa kwa umri, na vipindi vya watu wazima hupangiwa saa za usiku. Lakini haki ya mzazi kumlinda mtoto haifanyi halali kumnyima mtu mzima nafasi ya kujieleza, hasa anapokuwa yeye ndiye anayejadiliwa.

Sisi wa eneo hili tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Ukimwi ulipoanza kutuangamiza, wengi waliuita chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na wagonjwa wakazungumziwa na kila mtu isipokuwa wao wenyewe. Hofu haikuanza kupungua mpaka wenye virusi waliposimama na kusema, kama alivyofanya Joe Muriuki, Mkenya wa kwanza kujitangaza hadharani. Somo hilo halijapitwa na wakati. Takwimu za taifa za 2018 zilionyesha kwamba asilimia 17.5 ya watu wazima wa Kisumu walikuwa na virusi, na Homa Bay asilimia 19.6, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Kuanzia 2015, utafiti wa Anza Mapema uliwahudumia mjini Kisumu zaidi ya wanaume 700 wanaoshiriki mapenzi na wanaume wenzao. Watu hao wapo, na afya yao haitengani na ya wake zao, jamaa zao na majirani. Anayejisikia akitukanwa redioni asubuhi hataikaribia zahanati jioni.

Mhariri hahitaji kuibadili imani yake ili aitende kazi yake kwa haki. Maadili ya uanahabari yanamtaka ampe anayetuhumiwa nafasi ya kujibu. Katiba ya 2010 inamlinda anapofanya hivyo. Ikiwa msemaji ana hofu ya usalama wake, jina lake lifichwe, kama tunavyowafichia wengine wengi. Kisha msikilizaji aachwe aamue mwenyewe, kwa maana shauri lililosikilizwa upande mmoja halijakatwa bado.